Saa Inayojua Kukukataza

Mazungumzo na wakimbiaji wa klabu moja ya jogging, Dar es Salaam, baada ya mbio ndefu ya Jumamosi

Mwenyekiti, viongozi wa klabu, wazee wetu mliokaa pale kivulini, shikamooni. Wengine wote, poleni na mbio. Kaeni chini, nyoosheni miguu, maji yapo kwenye ndoo ile ya bluu. Sitawachelewesha, najua wapo ambao supu inawasubiri.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya ugomvi. Mwenyekiti hakutaka niseme hivyo, lakini nyote mmo kwenye kundi la WhatsApp na mmeuona. Watu wawili wamekimbia njia moja, bega kwa bega, kutoka Coco Beach kupitia Daraja la Tanzanite, wakazunguka Posta na kurudi. Mmoja saa yake ikasema kilomita 12.1, mwenzake 12.8. Kufika jioni mmoja ameshaitwa mwizi wa kilomita. Akaingia wa tatu, analia kwamba amekimbia vizuri kuliko siku zote halafu saa yake imemwandikia kuwa mazoezi yake hayana tija. "Nimetoa hela yangu ili nitukanwe?" Ndiyo maneno yake hayo, na nimeyapenda sana.

Mimi nimefundisha mbio kwa saa ya kubonyeza, ile ya kamba shingoni. Moyo tulikuwa tunaupima kwa vidole viwili hapa chini ya taya, unahesabu sekunde 15, unazidisha kwa nne, ukikosea hesabu unaanza upya na mapigo yenyewe yameshashuka. Kwa hiyo sikuja kuzizomea hizi saa. Nimevaa moja, mnaiona. Nililo nalo ni hili tu: wengi wenu mmezivaa ziwasukume, na kazi ambayo hizi saa zinaiweza kuliko zote ni kuwashika shati.

Tuanze na ugomvi wenyewe, tuumalize.

Saa yako haipimi barabara. Inasikiliza setilaiti zilizo juu kilomita kama 20,200, kila moja inatuma ishara yenye muda ndani yake, na saa inapiga hesabu: ishara hii imechukua muda gani kunifikia? Ni kama sekunde 0.07. Ukikosea hapo kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Kwenye daraja, bahari kulia na kushoto, mbingu wazi, hakuna tatizo. Ukiingia Posta, ishara inagonga kioo cha ghorofa, inaruka, inagonga ghorofa la pili, ndipo inakufikia mkononi. Imechelewa. Saa inadhani uko mbali zaidi, inakuhamishia ng'ambo ya barabara, sekunde inayofuata inakurudisha. Ukitazama ramani yako utaona mstari umepita ndani ya benki. Kila kuyumba huko kunahesabiwa kuwa ni kukimbia.

Saa za miaka ya karibuni zimepunguza maradhi haya. Garmin Forerunner 255 na 955 za mwaka 2022, Coros Pace 3 ya mwaka 2023, na nyingine zilizofuata, hupokea ishara za masafa mawili ya redio badala ya moja, na kwa kulinganisha zinaweza kuitambua ile iliyogonga ukuta na kuitupa. Gharama yake ni betri. Ndugu yetu wa 12.1 anayo saa ya aina hiyo, wa 12.8 hana. Kwa hiyo hakuna mwizi hapa, kuna maghorofa.

Na kwa kuwa wengi mnakwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, niwaambie mapema: saa ikiandika kilomita 42.5 kwenye mstari wa kumalizia, msiwafuate waandaaji. Njia ya marathoni iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, kwa mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuufuata, na huongezwa mita moja kwa kila mita elfu ili isije ikawa fupi. Hapo tayari ni mita 42 za ziada. Wewe nawe umekata kona kwa nje, umekwepa watu, umekwenda kumsalimia shemeji yako pembeni. Siku ya mashindano zimeni hesabu ya kilomita ya saa, bonyezeni wenyewe kila mnapopita kibao cha kilomita.

Hilo limekwisha. Sasa moyo, maana hapo ndipo penye mali.

Mwaka 1977 huko Kempele, Finland, profesa mmoja wa elektroniki, Seppo Säynäjäkangas, alianzisha kampuni ya Polar akitaka kupima mapigo ya moyo ya mwanamichezo akiwa anatembea na kukimbia, bila kumfunga nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa mkanda wa kifuani unaotuma mapigo kwenye saa ya mkononi bila waya. Mkanda ule unasikia umeme wa moyo wenyewe. Hiyo ndiyo teknolojia ya zamani, na hadi leo ndiyo ya kuaminika zaidi.

Hii taa ya kijani iliyo chini ya saa zenu ni kitu kingine. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi inapita chini ya ngozi, mwanga unaorudi unapungua. Pigo likipita, unaongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Umekaa kwenye kochi, inahesabu vizuri sana. Unakimbia, mkono unarushwa, saa inacheza, jasho linapenya, na mwanga unapanda na kushuka kwa sababu ya hatua zako. Wengi wenu hupiga hatua 170 hivi kwa dakika. Saa inachanganyikiwa, inachukua hatua inaziita mapigo. Kuna dada hapa aliniambia moyo wake hupanda hadi 172 dakika ya tatu tu ya mbio nyepesi, na bado anaongea na kucheka. Dada, hizo ni nyayo zako.

Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo taa inabidi ifanye kazi zaidi. Sitaki kuwatisha na hili. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kinachoharibu vipimo zaidi ni mwendo wa mwili kuliko rangi ya ngozi. Lakini jaribu mwenyewe. Azima mkanda wa kifuani kwa mwenzako, uvae vyote viwili siku moja, ulinganishe. Na saa usiivae kama bangili. Ipandishe juu ya mfupa wa kifundo upana wa kidole kimoja, ikaze, ukimaliza ilegeze.

Kosa la pili linafanyika siku ile ya kwanza unapoitoa kwenye boksi. Inakuuliza umri, unajaza, nayo inachukua 220, inatoa umri wako, inasema huo ndio mwisho wa moyo wako, kisha inakugawia kanda tano za mapigo, kila moja na rangi yake. Mimi nina miaka 58. Kwa hesabu hiyo mwisho wangu ni 162. Mlima wa pale Chuo Kikuu, Mlimani, nimeufikisha moyo 178 na nikashuka nikiwa hai. Ile 220 ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10, 12, hata zaidi. Maana yake kanda zenu zote zimepakwa rangi mahali pasipo pake. Mwingine anadhani anakimbia kwa kujipa raha na yuko kwenye moto. Mwingine anajizuia bure kila siku.

Tafuteni namba yenu. Siku mkiwa mmepumzika, pasheni misuli, kisha kimbieni dakika 30 peke yenu, kwa nguvu yote mnayoweza kuidumisha mpaka mwisho. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho uko karibu sana na ule mpaka ambao ukiuvuka pumzi inaanza kukatika na miguu kuwaka. Saa mpya zinaukisia mpaka huo zenyewe, lakini mnaruhusiwa kuzisahihisha, ingieni kwenye mipangilio mwandike namba yenu. Mkishafanya hivyo ndipo ile rangi ya mbio nyepesi itakuwa na maana, na mtashangaa ilivyo chini.

Hapo najua mtanipinga. Kila mara nikisema punguzeni, kuna mtu anasema Wakenya hawapunguzi. Mwulizeni aliyefika Kaptagat au Iten, kule Kenya wanakofanyia mazoezi. Siku ya mbio nyepesi wanaanza taratibu mpaka mgeni anadhani wanamsubiri mtu. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyehamia Norway, aliwatazama wanamichezo wa juu wa mbio, baiskeli, kuteleza kwenye theluji na kupiga kasia, akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya mwendo mwepesi. Sisi tunaotoka kazini saa kumi na mbili jioni, tumekaa foleni ya Mwenge saa nzima, ndio tunataka kila siku iwe fainali.

Nakuja sasa kwenye kitu ambacho naona ndicho kipya hasa, na nitakaa hapo kidogo.

Moyo ulio sawa haupigi kama saa ya ukutani. Ukipiga mara 60 kwa dakika ungetegemea sekunde moja kamili kati ya pigo na pigo. Sivyo. Mara nafasi ni 0.95, mara 1.04, mara 0.98. Ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukitoa unapoa. Kuna neva zinazohimiza na neva zinazotuliza, zinavutana usiku kucha. Mwili ukiwa umepumzika, zile za kutuliza zina nguvu, na nafasi hizo zinatofautiana sana. Mwili ukiwa na mzigo, uwe wa mazoezi, bia, chakula cha usiku wa manane, safari, msiba, au ugonjwa unaoanza, tofauti hizo hupungua na moyo unakuwa mkavu, unapiga kama mashine. Saa zinaandika hiki kitu HRV. Zinakipima ukiwa umelala, kwa sababu mkono umetulia na ile taa ya kijani inaweza kazi yake.

Namba yenyewe usimwonyeshe mtu. Mwenzako anaweza kuwa na 90 wewe una 35 na wewe ndiye mzima zaidi. Garmin inataka wiki tatu za kulala nayo kabla haijathubutu kusema la kawaida kwako ni lipi, na ina haki. Unachotazama ni wewe wa wiki hii ukilinganishwa na wewe wa mwezi uliopita.

Sasa niwape kisa changu, mcheke. Mwaka jana mwezi wa tano, masika yanaishia, nilikuwa na mbio ya kilomita 28 kwenye ratiba. Mapigo yangu ya kupumzika ni 48, miaka na miaka. Alhamisi saa ikaonyesha 53. Ijumaa 57, na HRV imeanguka chini ya mstari wake, rangi imebadilika, na maandishi yananiambia nipumzike. Mimi, kocha, ninayewaambia watu wapumzike, nikasema saa hii imeharibika. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Kilomita ya 19 nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nimevaa singleti na jua limeshatoka, natetemeka kwa baridi. Dereva wa bajaji akaniuliza, "Mzee, ni pombe au ni malaria?" Ilikuwa malaria. Kijana alikuwa daktari kuliko mimi.

Saa haikujua kwamba ni malaria, na msije mkamwambia mtu nimesema saa inapima malaria. Ilichojua ni kwamba kuna kitu. Mkiona mapigo ya kupumzika yamepanda siku mbili tatu mfululizo na HRV imeshuka, na hamkufanya kazi nzito wala hamkuwa harusini, ahirisheni mbio, na mwili ukiwa hauko sawa nendeni mkapime. Kilomita 28 zipo wiki ijayo. Zangu nilizirudia baada ya wiki sita.

Akina dada, hapo kuna jambo ambalo makocha wa kiume huwa hatulisemi. Kati ya yai kutoka na hedhi kuanza, kwa wengi wenu mapigo ya kupumzika hupanda kidogo na HRV hushuka. Ni kawaida ya mwili. Saa nyingi sasa zina sehemu ya kuweka tarehe zenu. Zitumieni, ili msije mkaogopa kila mwezi kwa jambo ambalo ni la kila mwezi.

Turudi kwa ndugu yetu aliyetukanwa na saa. Saa inakisia uwezo wako wa kutumia oksijeni, ile VO2max, kwa kulinganisha vitu viwili: mwendo wako na mapigo yako. Ukikimbia kasi ileile kwa mapigo machache kuliko zamani, inasema umepanda. Ukihitaji mapigo mengi zaidi, inasema umeshuka. Sasa nenda nje Dar mwezi wa pili saa tatu asubuhi. Jasho halikauki, hewa imejaa maji. Moyo unapeleka damu kwenye misuli, na papo hapo unapeleka damu nyingine kwenye ngozi ikapoe. Mapigo yanapanda, mwendo ni uleule. Saa inaona mwanamichezo anayeporomoka. Baadhi ya saa huchukua hali ya hewa kutoka kwenye simu na kurekebisha hesabu. Kama umekimbia umeacha simu nyumbani kwa kuogopa vibaka, inaweza kuwa haina habari kwamba kuna joto. Yule ndugu alikimbia saa nne asubuhi. Hukuporomoka, kaka, uliungua jua.

Na milimani ni hivyohivyo. Ukipanda kwenda kufanya mazoezi mahali kama Iten, mita 2,400 juu ya bahari, hewa nyepesi inapandisha mapigo, na wiki ya kwanza saa itakuvunja moyo. Usiisikilize kwa hilo. Sikiliza mapigo, acha mwendo uwe utakavyokuwa.

Hiyo ndiyo njia ya kukimbilia Moshi pia. Wanaokwenda nusu marathoni mnajua barabara inapanda kuelekea Mweka kisha mnarudi mjini mnateremka. Mkipanga dakika sita kwa kila kilomita, mtakufa mkipanda na mtachelewa mkishuka. Zipo saa ambazo unaziwekea ramani ya njia nzima, zikakugawia mwendo wa kila kilomita kulingana na mlima. Garmin ilianza nayo mwaka 2019. Asiyekuwa nayo aweke kikomo cha mapigo tu: mpaka Mweka sivuki namba fulani, hata nikipitwa na bibi yangu. Mkishageuka, zima kikomo, fungulia.

Swali? Sema kwa sauti, mama. Anauliza, je, mabingwa wanaruhusiwa kuvaa? Wanaruhusiwa. Sheria za Riadha ya Dunia zinakubali kipima mapigo na kipima mwendo, mradi kisiweze kuwasiliana na mtu mwingine. Lakini mkumbuke marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu wetu anaingia uwanjani nyuma ya Mjerumani, Amanal Petros, na wote wawili wanapewa saa mbili, dakika 9, sekunde 48. Wametenganishwa na sekunde 0.03, Simbu mbele. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya aliwahi kukimbia marathoni Chicago kwa saa mbili na sekunde 35, kwa hiyo anayetazama muda peke yake angesema Tokyo watu walitembea. Kulikuwa na joto, na Simbu alikuwa anakimbia na watu. Hakuna saa ya mkononi ambayo ingemwambia ni hatua ipi ya kuanza kumfukuza yule Mjerumani.

Na swali la mwisho, lile la hela. Kama una saa ya zamani inayopokea mkanda wa kifuani, nunua mkanda, usibadili saa. Kama huna kabisa, tafuta yoyote inayopima usiku na yenye betri ya kutosha wiki. Muziki, kulipia kahawa kwa mkono, fremu ya dhahabu pembeni, hayo ni ya kwenye harusi. Ile hesabu ya usingizi mwepesi na usingizi mzito nayo msiigombanie. Tazameni mmelala jumla ya saa ngapi, basi. Halafu nunueni daftari. Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Kenya, ana saa za kila namna, kuna hata toleo la Coros lenye jina lake, na bado anaandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Asubuhi, kabla hujatazama saa, andika mstari mmoja: leo najisikiaje. Kisha ndipo ufungue saa uone kama mnakubaliana.

Jumamosi ijayo tunakimbia kilomita 16, mwendo mwepesi, kuondoka saa kumi na moja na nusu hapa hapa. Kila mtu atafunika kioo cha saa yake kwa plasta. Plasta naleta mimi, msijisumbue. Saa zitaendelea kurekodi. Nitasimama mwanzoni mwa Daraja la Tanzanite, na kila atakayepita atanitajia kwa kinywa moyo wake unapiga ngapi kwa makisio yake, naandika. Mkirudi tunabandua plasta, tunalinganisha. Atakayekosea kwa zaidi ya 15 anawanunulia wenzake madafu.

Haya, mwenyekiti, supu.